Swali kwanza: mwongozo wa kulea wanafunzi wadadisi, wenye mtazamo wa kidunia na wanaojua kuwasiliana

Mwalimu mwenzangu, shule nyingi siku hizi zimeandika kwenye dira zao kwamba zinataka wanafunzi wadadisi, wanaoielewa dunia na wanaojua kuwasiliana na watu wa kila aina. Maneno hayo yana historia. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha Malengo ya Maendeleo Endelevu, na shabaha ya 4.7 inataka kila mwanafunzi apate maarifa yanayohusu uraia wa dunia na kuthamini tamaduni mbalimbali. Mwaka 2018 mtihani wa kimataifa wa PISA, unaofanywa na vijana wa miaka 15, uliongeza kipengele kinachopima kama mwanafunzi anaweza kuchambua masuala ya dunia na kuyatazama kwa macho ya wengine. Lakini dira hubaki ukutani. Kipindi kikianza, mwalimu anauliza, mwanafunzi yuleyule anajibu, wengine wananakili.

Imani yangu ni kwamba sifa hizi hazifundishwi moja moja. Zote zinaanzia mahali pamoja: mwanafunzi anauliza swali ambalo kweli anataka kujua jibu lake, analipeleka kwa mtu asiyefanana naye, kisha anasikiliza jibu hata kama si lile alilolitarajia. Hatua zifuatazo zinafuata mpangilio huo. Zinafaa kwa somo lolote, na nyingi hazihitaji zaidi ya ubao, karatasi na muda.

Hatua ya 1: Ongeza sekunde chache za ukimya

Hatua hii haigharimu chochote, ndiyo maana ninaiweka mwanzo. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Kwa kawaida ulikuwa kama sekunde moja tu. Walimu walipozoezwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi wengi zaidi walijitolea kujibu, waliosema "sijui" au kunyamaza walipungua, na wanafunzi wenyewe wakaanza kuuliza maswali zaidi.

Subiri mara mbili. Kwanza, ukishauliza, hesabu kimoyomoyo hadi tatu kabla ya kumtaja mtu. Pili, na hapa ndipo wengi tunapoteleza, mwanafunzi akishajibu, hesabu tena kabla ya kusema lolote. Mara nyingi katika ukimya huo wa pili ndipo anapoongeza sababu, au mwenzake anapodakia kwa wazo jingine. Acha pia mazoea ya kurudia jibu la mwanafunzi kwa sauti yako. Ukirudia, darasa linajifunza kwamba hakuna haja ya kusikilizana, maana mwalimu atasema tena. Asiposikika, mwombe aseme tena yeye mwenyewe huku akiwageukia wenzake.

Hata neno "vizuri sana" lisubiri kidogo. Likitoka haraka linafunga mjadala, kwa kuwa wengine wanaelewa kuwa jibu limeshapatikana.

Hatua ya 2: Waachie wanafunzi watunge maswali

Darasani maswali karibu yote huulizwa na mtu ambaye tayari anajua majibu. Huo ni mpangilio wa ajabu tukifikiri vizuri, na unaua udadisi polepole. Kuna mbinu nzuri ya kuugeuza, iliyobuniwa na Dan Rothstein na Luz Santana wa Marekani baada ya kufanya kazi na wazazi ambao hawakwenda kwenye mikutano ya shule kwa kuwa, kwa maneno ya wazazi wenyewe, hawakujua hata waulize nini. Inakwenda hivi.

Andika ubaoni sentensi moja ya kuchokoza fikra. Isiwe swali. Mfano: "Shati moja linaweza kupita nchi kadhaa kabla ya kuvaliwa." Gawa darasa katika makundi ya watu wanne na uwape dakika tano. Kanuni ni nne: waulize maswali mengi kadiri wanavyoweza, wasisimame kujibu, kujadili wala kukosoa, waandike kila swali kama lilivyosemwa, na kauli yoyote itakayojitokeza igeuzwe kuwa swali. Wewe usitoe mifano. Ukitoa mfano mmoja tu, makundi yote yataiga.

Utapata maswali kama haya: Pamba inalimwa wapi? Nani alishona? Alilipwa kiasi gani? Kwa nini lisishonwe palepale pamba ilipolimwa? Rangi inayomwagwa inaenda wapi? Kwa nini baadhi ya mashati ni rahisi kuliko kitambaa chenyewe?

Baada ya hapo wayatenge maswali yanayojibika kwa neno moja na yanayodai maelezo, kisha wageuze machache kutoka aina moja kwenda nyingine. "Mfanyakazi aliyeshona analipwa vizuri?" linaweza kuwa "Mshahara wa mfanyakazi wa kiwandani unapangwaje, na nani anaupanga?" Zoezi hili dogo linawafundisha kitu kikubwa: namna unavyouliza ndiyo inayoamua utaambiwa nini. Mwisho kila kundi lichague maswali matatu ya kufuatilia na lieleze kwa nini limechagua hayo.

Kisha yatumie maswali hayo kweli. Yakiachwa ubaoni na ukaendelea na somo kama ulivyopanga, wanafunzi wataelewa kuwa ulikuwa mchezo, na safari ijayo watauliza kwa kukutimizia tu.

Hatua ya 3: Anzia kwenye kitu kilichopo, siyo kwenye bendera

Nitasema wazi: siku ya mataifa yenye bendera, mavazi na ngoma inafurahisha, lakini ikiwa ndiyo yote, inaacha picha kwamba watu wa nchi nyingine ni mavazi yao ya sherehe. Mwanafunzi anatoka akijua rangi za bendera na hajui mwenzake wa huko anaamka saa ngapi au ana wasiwasi gani kuhusu mtihani.

Ni bora kuanza na kitu kilichomo darasani. Lebo ya shati inaeleza limetengenezwa wapi. Penseli ina mbao, grafiti na labda mpira wa kufutia. Simu ina betri yenye lithiamu, na mara nyingi kobalti. Wanafunzi watafute kila kitu kimetoka wapi na waweke alama kwenye ramani. Dunia itajitokeza yenyewe.

Na kwa kuwa ramani ipo mezani, waulize kuhusu ramani yenyewe. Ramani nyingi za ukutani zinafuata mchoro wa Gerardus Mercator wa mwaka 1569, uliochorwa kuwasaidia mabaharia: mstari mnyoofu kwenye ramani ni mwelekeo usiobadilika wa dira. Gharama yake ni kwamba nchi zilizo mbali na ikweta zinavimba. Greenland inaonekana kulingana na bara la Afrika, ilhali Afrika ina kama kilomita za mraba milioni 30 na Greenland milioni 2.2 hivi, yaani Afrika ni kubwa karibu mara 14. Wape karatasi ya miraba, kila mraba uwe milioni moja, wakate vipande viwili na kuvilinganisha. Kisha waulize: Nani alichora? Kwa ajili ya nani? Alikubali kupoteza nini ili apate nini? Maswali hayohayo watayahitaji kwa gazeti, kwa video na kwa kitabu cha historia. Kama unaweza kupata ramani ya Equal Earth, iliyotolewa mwaka 2018 na inayolinda uwiano wa maeneo, itundike pembeni ya ile ya zamani na uziache zote mbili ukutani.

Hatua ya 4: Jambo moja, pande zaidi ya mbili

Mwaka 1971, shule za Austin, Texas, zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto wa rangi tofauti waliokuwa wakisoma katika shule tofauti, na hali ya madarasani ilikuwa ya uhasama. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake walibuni mpango ambapo kila mtoto hupewa sehemu moja tu ya somo, na kundi haliwezi kukamilisha kazi bila kumsikiliza kila mmoja. Mbinu hiyo inafaa sana kwa masuala ya kimataifa.

Chukua mfano wa bwawa kubwa ambalo Ethiopia ilianza kulijenga mwaka 2011 kwenye Mto Nile wa Buluu. Kundi moja lisome hoja za Ethiopia, ambako mamilioni ya watu hawakuwa na umeme. Jingine lisome za Misri, inayotegemea Mto Nile kwa karibu maji yake yote. La tatu lisome za Sudan, iliyo katikati, inayoweza kunufaika na maji yenye mtiririko wa uhakika na wakati huohuo kuhofia usalama wa mabwawa yake. Waliosoma upande mmoja wakutane kwanza wahakikishe wameelewa. Kisha panga makundi mapya, kila moja likiwa na mtu wa kila upande, na kazi yao isiwe kushindana. Wape kazi hii: waandike maswali matano ambayo pande zote zingekubali yajibiwe.

Sisitiza kwamba kueleza msimamo wa mtu kwa haki si kukubaliana naye. Kipimo changu ni hiki: je, mtu wa upande ule akisikia ulivyoeleza hoja yake, atasema "ndiyo, hivyo ndivyo ninavyoona"?

Hatua ya 5: Watafutie mtu halisi wa kuzungumza naye, na kazi ya kufanya pamoja

Hii ndiyo hatua yenye thamani kubwa kuliko zote, nami nitakaa hapa kwa muda. Shule mbili zikiunganishwa ili wanafunzi "wafahamiane" tu, kwa kawaida mazungumzo hukauka haraka. Wanaulizana majina, umri na timu wanazoshabikia, basi. Wanachohitaji ni kazi ambayo upande mmoja hauwezi kuimaliza bila mwingine.

Mfano mzuri ni kupima ukubwa wa dunia kwa kijiti. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, Eratosthenes, mwanazuoni wa Kigiriki, alilinganisha pembe ya jua la mchana katika miji miwili ya Misri, Aleksandria na Syene, akaona tofauti ni sehemu moja kati ya hamsini ya duara, na kutokana na hapo akakadiria mzingo wa dunia. Madarasa mawili yaliyo mbali kaskazini na kusini yanaweza kurudia kazi hiyo.

Kila darasa lisimamishe kijiti cha sentimita 100 wima kabisa kwenye ardhi tambarare. Wapime kivuli kila baada ya dakika tano, wakianza zaidi ya saa nzima kabla ya muda wanaodhani ni wa jua la utosi, kwa sababu saa ya ukutani na jua mara nyingi havilingani. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho wanachokitaka. Wanaojua trigonometria watumie tanjenti. Wengine wachore pembetatu kwa skeli na kupima kwa kipimapembe.

Tuseme darasa la kwanza limepata kivuli cha sentimita 36: pembe ni nyuzi 19.8. La pili limepata 70: nyuzi 35.0. Ikiwa vivuli vyote vimeelekea upande mmoja, toa: nyuzi 15.2. Ikiwa kimoja kimeelekea kaskazini na kingine kusini, jumlisha. Kwenye ramani yenye skeli pimeni umbali wa kaskazini hadi kusini kati ya latitudo za shule hizo mbili, siyo urefu wa barabara. Ukiwa kilomita 1,690, basi 1,690 mara 360 gawanya kwa 15.2 inatoa kama 40,026. Mzingo halisi kupitia ncha za dunia ni kama kilomita 40,008. Madarasa yenu huenda yakakosea kwa mbali zaidi, na hapo ndipo mazungumzo yananoga.

Maana tazama wanachopaswa kukubaliana kabla ya kuanza: kijiti cha urefu gani, siku gani, na mvua ikinyesha upande mmoja itakuwaje? Tarehe 03/04 ni tarehe tatu Aprili au nne Machi? Wengine duniani huanza na mwezi. Matokeo yasipokubaliana, nani alipima vibaya, na utamwambiaje bila kumvunjia heshima? Hakuna zoezi la kitabuni linalofundisha mawasiliano hivyo, kwa kuwa hapa mtu asipoeleweka, kazi inakwama.

Kama jiografia na hisabati si masomo yako, buni kazi nyingine yenye sharti hilohilo: kukusanya methali zinazofanana katika lugha mbili na kutunga kijitabu, kulinganisha jinsi vitabu vya pande mbili vinavyosimulia tukio moja, au kupima mvua na joto kwa mwezi mzima na kuchora grafu ya pamoja.

Washirika wanapatikana. Mtandao wa iEARN umekuwa ukiunganisha shule za nchi nyingi tangu mwaka 1988. Mpango wa GLOBE, ulioanza miaka ya 1990, unawawezesha wanafunzi kukusanya takwimu za mazingira kwa utaratibu mmoja duniani kote. Shule zilizomo Ulaya zina mtandao wao wa ushirikiano, eTwinning, tangu 2005. Kama intaneti ni ya kusuasua, usikate tamaa: barua, picha za karatasi na ujumbe wa sauti uliorekodiwa vinatosha, na mara nyingi vinafaa kuliko mkutano wa video, kwa kuwa tofauti ya saa haisumbui na mwanafunzi mwenye aibu anapata muda wa kufikiri. Shule ya mkoa mwingine wa nchi hiyohiyo, wenye lugha na maisha tofauti, nayo inafaa kabisa kuanzia.

Usalama uwe wa kwanza. Pata ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Tumia anwani moja ya darasa unayoiona wewe, siyo akaunti za watoto. Mitandao mingi ya kijamii hairuhusu walio chini ya miaka 13. Pasiwe na jina la ukoo, namba ya simu, wala picha inayoonyesha mtoto anakoishi.

Hatua ya 6: Fundisha kusikiliza na kuandika, usitegemee vije vyenyewe

Tunapima sana kusema na hatupimi kusikiliza. Jaribu zoezi hili la wawili wawili: mmoja azungumze dakika moja bila kukatizwa, mwingine aanze na "Kama nimekuelewa, unasema..." na aendelee mpaka msemaji akubali kwamba ameelezwa sawasawa. Hapo tu ndipo anaruhusiwa kutoa maoni yake. Mwanzoni linachosha, na wanafunzi watalalamika. Endelea nalo, kwa kuwa litawafaa katika hatua ya 4 na ya 5 kuliko kanuni yoyote ya ufasaha.

Kwa maandishi, kila ujumbe kwenda shule ya mbali uandikwe mara mbili. Baada ya rasimu ya kwanza, mwenzake wa darasani ausome akijifanya mgeni kabisa na apigie mstari kila kitu ambacho mgeni hangekijua: jina la mtihani, majira ya mwaka, kifupisho, utani wa shuleni. Mwandishi aeleze au aondoe. Kwa somo hilo moja wanajifunza kwamba ya kwao nayo ni mageni kwa mtu mwingine.

Waruhusu wafikiri na kupanga hoja kwa lugha wanayoimudu zaidi, kisha wahamie kwenye lugha ya kazi. Mtoto anayelazimishwa kufikiri kwa lugha asiyoiweza anaonekana hana mawazo, na hilo ni dhuluma kwake. Wala usichanganye mawasiliano mazuri na sauti kubwa. Yule aliye kimya aliyeuliza swali moja lililobadilisha mkondo wa mjadala amewasiliana vizuri kuliko aliyezungumza dakika kumi.

Hatua ya 7: Jiandae kwa maneno yatakayouma

Ukifungua maswali ya kweli, siku moja mwanafunzi atasema jambo la kudhalilisha kabila, dini au nchi ya wengine. Usipite kama hukusikia. Usimwaibishe pia, kwani atakachojifunza ni kuficha tu. Sema kwa utulivu kwamba kauli hiyo inaumiza watu, kisha igeuze kuwa uchunguzi: "Umelisikia wapi? Tungejuaje kama ni kweli? Ni nani tungemuuliza?" Kama yupo darasani anayeguswa moja kwa moja, usimfanye msemaji wa watu wake wote. Zungumza naye faragha baadaye.

Kanuni za mazungumzo wazitunge wao. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu na maoni hayo kuzingatiwa kulingana na umri na ukomavu wake. Someni ibara hiyo pamoja kabla ya kutunga kanuni.

Hatua ya 8: Pima kinachoonekana

Usimpe mtoto alama kwa "kuwa na mtazamo wa kidunia". Hakuna awezaye kuliona hilo moyoni mwa mtu, na watoto watajifunza kuigiza. Hifadhi maswali waliyotunga mwanzoni mwa muhula na ya mwisho, uyalinganishe: je, yameongezeka kina? Tazama rasimu ya kwanza na ya pili ya barua. Sikiliza kama anaweza kueleza hoja ya mwenzake kwa haki. Mwulize aandike aya moja: "Zamani nilidhani... Sasa naona... Kilichonibadilisha ni..." Ile sehemu ya tatu ndiyo ya kusoma kwa makini, maana inaonyesha kama ushahidi ndio uliomhamisha au amefuata tu alichoona unakitaka.

Usianze hatua zote kwa pamoja. Wiki mbili za kwanza fanya ukimya tu, hadi darasa lizoee. Wiki ya tatu leta zoezi la kutunga maswali, na ulirudie kila mada mpya inapoanza. Barua ya kutafuta shule mshirika itume mapema, hata kabla hujawa tayari, kwa sababu majibu huchelewa na mihula ya nchi tofauti haianzi pamoja. Tenga sehemu ya ukuta kwa maswali ambayo hayajapata majibu, yakiwa na jina la darasa lililouliza, na mwaka ukiisha yakabidhi kwa mwalimu atakayelipokea darasa hilo.